Bawa la nyuma kwa gari la uwanjani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila siku ya uwanjani, yaani siku tunapopeleka magari yetu kwenye uwanja wa mbio, kuna mtu atasimama nyuma ya gari langu, apapase bawa, alitikise kidogo, kisha aulize swali ambalo mwenzake aliuliza asubuhi. Haya hapa maswali yenyewe, na majibu ninayoyatoa nikiwa nimekaa kivulini na sina haraka. Mfano wangu wa kudumu ni Toyota GT86, kwa sababu ndilo ninaloendesha na ndilo nililolitoboa buti nikijifunza. Ukiwa na Mazda MX-5, Honda S2000 au Subaru BRZ, hesabu hazitakupita mbali.

## Mambo ya mwanzo

1. Bawa na spoila si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Spoila imebandikwa kwenye bodi na hewa inapita juu yake tu. Kazi yake ni kuizuia hewa isiteremke na mgongo wa gari ikaliinua. Kile kimkia cha bata cha Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 ni spoila, na kilifanya kazi nzuri.

Bawa limesimama kwa miguu yake, hewa inapita juu na chini. Ni bawa la ndege lililopinduliwa: hewa ya chini inakimbia zaidi, shinikizo lake linashuka, na bawa linavutwa kuelekea ardhini. Upande unaofanya kazi kubwa ni huo wa chini, ambao hauonekani kwenye picha. Shika hilo, maana majibu mengi yanayofuata yanatoka hapo.

2. Linaongeza kilo ngapi hasa?

Chache kuliko unavyodhani kwenye kona za taratibu, nyingi kuliko unavyodhani kwenye kona za kasi. Mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini, hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, mgandamizo unakuwa mara nne.

Chukua bawa la urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 25 toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kwa makadirio ya wastani, kwenye hewa ya usawa wa bahari na pembe isiyo kali, utapata kama kilo 6 ukiwa kilomita 60 kwa saa, kilo 12 kwenye 80, kilo 18 kwenye 100, kilo 46 kwenye 160 na kilo 72 kwenye 200. Kilo 6 ni pakiti tatu za unga wa sembe. Hakuna aliyewahi kumpita mwenzake kwenye kona kwa pakiti tatu za unga.

Muuzaji akikutajia kilo 150, muulize mambo mawili: kwenye mwendo gani, na je, bawa lilikuwa limefungwa kwenye gari au lilipimwa peke yake kwenye hewa safi ya kompyuta? Takwimu kubwa za kweli zipo, lakini ni za gari zima. Porsche wanatangaza kilo 409 kwenye kilomita 200 kwa saa na kilo 860 kwenye 285 kwa 911 GT3 RS ya kizazi cha 992. Kufika huko waliweka radieta moja kubwa katikati ya pua, wakaimeza buti ya mbele yote, wakafanya pua, fenda na sakafu vifanye kazi pamoja na bawa. Bawa peke yake lisingefika.

3. Je, ninalihitaji kweli?

Angalia mwendo wako kwenye kona, usiangalie mwendo wako kwenye mnyooko, yaani sehemu iliyonyooka ya uwanja. Rekodi ya simu inayosoma satelaiti inatosha. Kama kona zako nyingi ziko chini ya kilomita 90 kwa saa, pesa hiyo peleka kwenye tairi, breki na saa chache za mwalimu. Kama uwanja wako una kona mbili tatu za kilomita 130 na kuendelea, na ndizo zinazokutoa jasho, tuongee.

Kuna faida nyingine ambayo watu husahau kuihesabu: breki za mwisho wa mnyooko. Hapo uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na mwendo ndio mkubwa kuliko mahali pengine popote. Magari mengi ya kawaida huinuliwa kidogo na hewa huko nyuma. Bawa likifuta huo muinuko tu, hata kabla ya kuongeza chochote, gari linaacha kutikisa makalio unapokanyaga breki. Mimi hilo nililihisi kabla ya kuhisi tofauti yoyote kwenye kona.

4. Halitaniibia mwendo kwenye mnyooko?

Litakuibia, ila si sana. Bawa la wastani hutoa kama kilo 6 za mgandamizo kwa kila kilo moja ya ukinzani wa hewa. Mazuri huzidi hapo. Kwa bawa la swali la 2, gharama ni kama nguvu farasi 4 au 5 kwenye kilomita 160 kwa saa, na kama 9 kwenye 200. GT86 ina farasi 200, kwa hiyo mwisho wa mnyooko mrefu utaona tofauti ndogo. Ukilisimamisha bawa kama ubao wa matangazo, hesabu hii haipo tena.

## Pua na mkia

5. Nimefunga bawa kubwa, sasa pua inagoma kuingia kona za kasi. Kwa nini?

Kwa sababu umekalia pembea upande mmoja. Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aliulize kabla ya kununua, na karibu kila mtu huliuliza baada ya kununua.

Bawa haliko juu ya ekseli ya nyuma. Liko nyuma yake. Kwenye GT86 ekseli zimeachana mita 2.57. Tuseme katikati ya bawa pako sentimita 75 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiwa kilomita 160 kwa saa, kilo 46 zinashuka kwenye bawa, na kwa sababu ya huo mkono wa sentimita 75 pua inanyanyuliwa kama kilo 13. Ongeza ukinzani wa hewa: bawa liko juu, karibu usawa wa paa, na hewa inalivuta kurudi nyuma kama mtu anayekukamata ukosi wa shati. Hapo pua inapoteza kilo 3 au 4 nyingine. Jumla, tairi za nyuma zimepata zaidi ya kilo 60, na za mbele zimepoteza 17.

Kwenye kona ya taratibu hutaona chochote. Kwenye kona ya kasi unakata usukani, gari linawaza, halafu linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda. Dereva anarudi akilaumu tairi za mbele, anacheza na upepo wa tairi, anabadilisha springi, na bawa liko pale nyuma limenyamaza.

Dawa ziko mbili: punguza pembe ya bawa (swali la 16), au ipe pua kazi yake ya hewa. Kitu cha kawaida ni spilita, yaani ule ubao bapa unaotokeza chini ya bampa ya mbele. Unaponunua bawa, weka na bei ya spilita kwenye bajeti hiyo hiyo. Ukiona hazitoshi zote mbili, nunua bawa dogo.

6. Basi nianze na spilita?

Hapana, anza na bawa, hata kama litakaa siku chache bila mwenzake. Gari ambalo pua inagoma linakupa muda: unatoa mguu kidogo, linarudi. Gari lenye pua iliyogandamizwa na mkia mwepesi kwenye kilomita 150 kwa saa halikupi muda wa kusema bismillahi. Ukitaka kufunga vyote kwa siku moja, sawa, ila bawa lianze na pembe kubwa kidogo, kisha ulipunguze hadi pua iamke.

7. Nitajuaje kama tatizo ni la hewa au la springi na tairi?

Linganisha kona mbili: moja ya taratibu, moja ya kasi. Hewa haipo kwenye kona ya kilomita 60 kwa saa. Kama mkia unachomoka kote kuwili, tatizo liko kwenye springi, baa za kuzuia gari lisilale, au upepo wa tairi. Bawa litakufichia tatizo kwenye kona za kasi na kukuachia kwenye kona za taratibu. Kama mkia umetulia taratibu na unachomoka kwa kasi, hapo ndipo bawa lina kazi. Kama pua inagoma kwa kasi tu, rudi swali la 5.

Utaratibu wangu ni kulitengeneza gari kwanza kwa kona za taratibu, bila kugusa bawa, kisha nikaligusa bawa kwa ajili ya kona za kasi peke yake. Ukichanganya, utazunguka siku nzima ukitibu ugonjwa kwa dawa ya mwenzake.

## Kuchagua bawa lenyewe

8. Ukubwa gani?

Kabla ya chochote, soma kanuni za siku au shindano unalokwenda. Nyingi huweka kikomo: bawa lisizidi upana wa bodi, lisipite juu ya paa, lisitokeze nyuma ya bampa. Ukishajua kikomo, kwa gari la kilo 1,200 hadi 1,300 lenye nguvu farasi 200, mita 1.4 hadi 1.6 kwa sentimita 23 hadi 28 ni ukubwa wenye akili. Bawa refu lenye pembe ndogo ni bora kuliko fupi lenye pembe kali, kwa mgandamizo ule ule.

9. Bapa au lile lililopinda katikati?

Lililopinda lilibuniwa kwa sababu. Hewa inayopita juu ya paa inateremka na kioo cha nyuma, kwa hiyo sehemu ya katikati ya bawa inakutana na hewa inayokuja kwa mteremko, wakati ncha mbili zinakutana na hewa iliyonyooka zaidi. Bawa bapa la pembe moja linaweza kuwa limezidisha pembe katikati huku pembeni bado lina njaa. Lililopinda lina pembe ndogo katikati na kubwa pembeni.

Ubaya wake ni kwamba mpindo ulifuata paa la gari fulani. Likiwa si paa lako, umelipia mpindo wa mtu mwingine. Kwa gari la paa la kawaida, bawa bapa zuri lililoinuliwa vizuri (swali la 15) ni rahisi kulirekebisha na kulielewa, na mimi ndilo ninalotumia.

10. Kaboni au alumini?

Alumini ya kusukumwa kupitia kalibu ni nafuu, imenyooka, na ikigongwa unaona imegongwa. Kaboni ni nyepesi zaidi na inaruhusu maumbo magumu. Tofauti ya uzito kwa ukubwa huu ni ndogo, ingawa iko juu na nyuma kabisa, mahali pabaya pa kubeba uzito.

Ogopa faiba nyembamba iliyovishwa karatasi yenye sura ya kaboni. Bawa langu la kwanza lilikuwa la aina hiyo. Muuzaji aliniapia. Vishikizo vya pembeni vilikuwa vimegandishwa kwa gundi tu, na siku ya tatu, mwishoni mwa mnyooko, nikasikia mlio kama mlango wa kabati. Kwenye kioo nikaona kibao cha ncha ya kulia ya bawa kinaruka juu ya uzio kama sahani. Bahati nyuma yangu hakukuwa na mtu. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa, nashika bawa ncha mbili na kulikunja kama ninayekamua nguo. Likilia, nalirudisha mezani.

11. Miguu ya kutoka chini, au ile ya shingo ya bata?

Miguu ya shingo ya bata inapanda, inapinda juu, na kulishika bawa kwa mgongo. Faida yake inatoka moja kwa moja kwenye swali la 1: upande wa chini unabaki safi, na ndio wenye kazi. Audi R15, gari la mashindano ya saa 24, ilikuja mwaka 2009. Ndiyo iliyoonyesha miguu hiyo pale Le Mans, na leo iko hadi kwenye 911 GT3 ya kuuzwa dukani.

Kwa gari la siku za uwanjani, faida ipo ila si ya kukukosesha usingizi. Miguu ya chini iliyo imara inashinda shingo ya bata inayocheza. Kinachonifanya nipende shingo ya bata ni kitu kidogo: matundu ya kurekebishia pembe yako juu, unayafikia bila kupiga magoti.

12. Vile vibao vya pembeni na ule ukingo mdogo wa nyuma vina kazi gani?

Vibao vya pembeni vinaizuia hewa ya juu, yenye shinikizo kubwa, isimwagikie upande wa chini kwa kupitia ncha. Sehemu ya kibao iliyo chini ya bawa ina faida kuliko iliyo juu, ingawa kila mtu hubandika stika upande wa juu.

Ukingo mdogo unaosimama wima nyuma ya bawa unaitwa ukingo wa Gurney, kwa jina la dereva Mmarekani Dan Gurney aliyeanza kuutumia mwaka 1971. Kipande cha alumini cha pembe mraba, milimita 5 hadi 10, kinaongeza mgandamizo kwa gharama ya ukinzani kidogo. Ni njia nafuu mno ya kujaribu kabla ya kununua bawa kubwa zaidi.

13. Bawa la tabaka mbili, yaani lenye bawa dogo la pili nyuma ya lile kubwa?

Linatoa mgandamizo mwingi, na ukinzani mwingi. Kama pua yako haina spilita ya maana, usiliguse. Swali la 5 litakurudia mara mbili.

## Kulifunga na kulipima

14. Naweza kulifunga kwenye mfuniko wa buti?

Unaweza, lakini mfuniko ni bati jembamba mara mbili, na ulitengenezwa kufunguliwa kwa kidole. Jaribu hivi gari likiwa limesimama: panga mbao juu ya bawa ili mzigo usambae, kisha weka madumu ya maji ya lita 20, moja moja. Bawa la swali la 2 linabeba kilo 72 kwenye kilomita 200 kwa saa, na matuta ya barabara yanazidisha. Ninapima kwa mara mbili, yaani madumu saba. Kwenye GT86 yangu, dumu la tatu lilitosha: mfuniko ulijikunja kuzunguka miguu, pengo la kushoto likafunguka hadi kidole kikapita, na pembe ya bawa ikabadilika bila mtu kuigusa. Ningekuwa uwanjani nisingeyaona hayo.

Suluhisho ni kupitisha miguu hadi kwenye fremu ya nyuma, ile inayoshika boriti ya bampa. Ukilazimika kutumia mfuniko, weka sahani za alumini chini yake pana kama kiganja, boliti zipite bati, sahani na washa, na nati ziwe za kujifunga. Skurubu za bati zibaki kwenye rafu za jikoni.

Historia imeshalipa karo ya somo hili. Jim Hall, Mmarekani aliyeunda magari ya mbio, alifunga bawa la gari lake la Chaparral 2E mwaka 1966 moja kwa moja kwenye vishikio vya magurudumu, ili mzigo ufike kwenye tairi bila kupitia springi. Mwaka 1968 magari ya Formula 1 yakaanza kuvaa mabawa, na miguu ikazidi kurefuka na kukonda. Mei 1969, pale Montjuïc, Barcelona, mabawa ya Lotus mbili, ya Graham Hill na ya Jochen Rindt, yalivunjika katika mashindano yale yale, na zote mbili zikagonga uzio. Mabawa ya juu yakapigwa marufuku mwezi huo huo, wikendi ya mashindano ya Monaco.

15. Likae juu kiasi gani?

Juu ya kutosha kuiona hewa safi. Ukikaa nyuma ya gari na kutazama mbele kupitia usawa wa bawa, unapaswa kuona paa likianza kushuka chini ya macho yako. Ukiona kioo cha nyuma kimekujaa usoni, bawa limekaa kwenye hewa iliyochoka. Kwa uchache, liache pengo lisilopungua upana wa bawa lenyewe kati yake na buti, vinginevyo upande wa chini unakabwa. Kulipeleka nyuma zaidi kunaongeza nguvu ya mkono ule wa swali la 5, kwa wema na kwa ubaya.

16. Nianze na pembe gani?

Digrii 3 hadi 5, kisha panda kwa digrii 2. Ipime hivi: gari liwe sehemu iliyosawazika, dereva akiwa ndani, weka rula juu ya bawa iguse ukingo wa mbele na wa nyuma, na juu ya rula weka kipima pembe cha kidijitali au simu. Andika kwenye daftari. Matundu ya miguu hayana maana yenyewe. Tundu la tatu la gari langu si la gari lako.

Bawa la tabaka moja huanza kuchoka mahali fulani kwenye digrii 12 hadi 15 za hewa inayolifikia. Hapo hewa inabanduka upande wa chini, mgandamizo unashuka na ukinzani unaruka. Kumbuka pia kwamba hewa ya katikati inakuja tayari ina mteremko (swali la 9), kwa hiyo katikati kunachoka mapema kuliko kipimo chako kinavyosema.

17. Nitajuaje limechoka?

Kata nyuzi za sufu za urefu wa kidole, zibandike kwa gundi ya karatasi upande wa chini wa bawa, mistari mitatu. Funga kamera ndogo kwenye buti ikitazama juu. Piga mizunguko miwili, rudi utazame. Nyuzi zinazolala na kunyooka kuelekea nyuma zinasema hewa imeshikamana. Zinazocheza ngoma, au zinazogeuka kutazama mbele, zinasema hewa imebanduka. Punguza digrii mbili, rudia. Ni kazi ya asubuhi moja na gharama ya mpira wa sufu, na imewahi kunionyesha kwamba nilikuwa nikiendesha msimu mzima na katikati ya bawa iliyokufa.

## Hali za pekee

18. Gari langu ni la paa wazi, kama MX-5. Bawa litafaa?

Ukiwa umefunga paa gumu, ndiyo. Paa likiwa wazi, hewa inaanguka ndani ya gari, inagonga viti, inatoka imevurugika na kufika kwenye bawa bila mpangilio. Sehemu ya katikati inapoteza kazi yake kubwa. Kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua paa gumu kwanza.

19. Niko Nairobi. Kuna tofauti na usawa wa bahari?

Ipo, na ni kubwa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kwenye mchana wa joto hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Zile kilo 46 za swali la 2 zinakuwa kama 36. Ukinzani nao unapungua kwa kiasi hicho, kwa hiyo unaweza kuongeza pembe bila kulia. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekwenda Kyalami, Afrika Kusini, ambako ni karibu mita 1,500.

Walio Muscat na Dubai wako usawa wa bahari, lakini joto nalo linaipunguza hewa: kwenye digrii 40 kilo 46 zinabaki kama 42. Mtu anayelipanga gari Januari akalirudisha uwanjani Mei ataona mkia umelegea kidogo, na tairi pekee hazina lawama.

Na kwa kuwa utauliza: zile Subaru Impreza za mtumba zenye bawa refu la kiwandani zinazonguruma Thika Road zina bawa la kweli, hewa inapita juu na chini. Kwenye foleni linabeba vumbi.

20. Gari langu linavuta kwa magurudumu ya mbele.

Fikiri mara mbili. Tairi za mbele tayari zinabeba usukani, breki nyingi na injini, na bawa litazipunguzia uzito. Lakini madereva wengi wa magari haya hulilegeza gari nyuma kwa springi ili lipinde kwenye kona za taratibu, kisha wanahitaji kitu cha kulituliza kwa kasi. Hapo bawa dogo lina nafasi yake.

21. Naweza kuendesha nalo barabarani?

Inategemea nchi. Ujerumani, kwa mfano, bawa lisilo la kiwandani linahitaji hati ya idhini au ukaguzi wa mtaalamu kama wa TÜV, shirika la ukaguzi wa magari, na polisi wanajua kuuliza. Kokote uliko, fikiria kingo kali zilizo usawa wa uso wa mtoto au mwendesha bodaboda. Langu linatoka kwa boliti nne na kulala kwenye blanketi kiti cha nyuma hadi tufike uwanjani.

22. Nimepata la mtumba kwa bei nzuri. Nikague nini?

Anza na matundu ya boliti: yakiwa na umbo la yai badala ya duara, lilikuwa likicheza. Pitisha ukucha kuzunguka vishikizo, unatafuta ufa mwembamba kama unywele, hasa kwenye kona za ndani za miguu ya alumini. Ligonge kwa sarafu toka ncha hadi ncha. Kwenye kaboni, mlio ukibadilika ghafla kuwa mzito, matabaka yameachana hapo. Lilaze juu ya meza iliyonyooka uone kama limepinda. Mwisho, muulize mwenyewe lilifungwa kwenye gari gani, na kama ana picha ya mkia wa gari hilo. Akikutumia picha, kuza, utazame bampa na fenda za nyuma kabla ya kutazama bawa.